Penseli Iliyozama Kitalu cha Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kazi, na kabla hata ya saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshatumbukiza mguu kwenye ndoo ya maji mbele ya watu. Afadhali limetokea mapema, limeisha.

Niandike kwa mpangilio, ili nikisoma baadaye nielewe. Dampo la mji wetu limejaa. Mwaka huu linafungwa, na kilima chote kile cha takataka kitafunikwa kwa udongo. Kazi ya kifuniko ni moja tu: mvua isipenye. Maji yakifika kwenye taka yatashuka na uchafu wake hadi chini. Chini ya kilima kuna nyumba, na kwenye nyumba ya mwisho kuna kisima, na kisima hicho ni cha Bibi yangu. Hilo la Bibi nilitaka kumwambia Dada Injinia, lakini neno lilifika kooni likageuza likarudi lilikotoka.

Dada Injinia ndiye mkubwa wangu wa kazi. Anatembea haraka, anaongea haraka, na anatafuta miwani iliyo kichwani kwake. Pembeni mwa dampo amejenga vitalu vitatu, kila kimoja ukubwa wa chumba kidogo cha kulala. Chini ya kila kitalu kumezikwa beseni pana la plastiki nene, na kutoka kwenye beseni linakuja bomba hadi kwenye pipa lililo ndani ya shimo. Maji yakifaulu kupenya udongo wote, lazima yaonekane kwenye pipa. Kitalu cha kwanza kina udongo wa kawaida, mwembamba. Cha pili kina udongo wa mfinyanzi mtupu, ulioshindiliwa, sentimita tisini. Cha tatu kina mfinyanzi chini, na juu yake udongo laini ulioota nyasi.

Kila siku saa moja asubuhi nasoma kipimamvua, natumbukiza kijiti kwenye kila pipa, naandika kwenye daftari; jioni namwaga maji yaliyomo. Basi. Mtu hahitaji kuongea na pipa. Naona hii kazi imeumbwa kwa ajili yangu.

Fundi aliyefunga mabomba yote yale aliniuliza jina. Nikamwambia.

"Sijasikia."

Nikamwambia tena.

"Basi nitakuita Bi Kimya," akasema, "mpaka siku utakayonipigia kelele."

Jumanne, 4 Machi

Leo nilipewa gunia la mabonge ya udongo wa mfinyanzi kutoka kitalu cha pili, kinu, mchi na chekecheke. Niliponda na kuchekecha hadi mchana. Ulitoka unga laini kabisa, mtu angeweza kujipaka usoni. Fundi alipita akasema, "Bi Kimya, tunakaribishwa saa ngapi?" Nilicheka kwa ndani.

Dada Injinia aliushindilia unga wangu ndani ya mtungi wa chuma, akapitisha maji kutoka juu, akakaa na saa mkononi. Tone la kwanza halijatoka hadi tunafunga ofisi. Akaupigapiga mtungi begani kama mtoto aliyeshiba.

Jumatano, 5 Machi

Mikono inauma hata kushika kalamu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeiona modeli. Nilidhani modeli ni kitu cha kushikika. Kumbe ni hesabu iliyo ndani ya kompyuta, inayojifanya udongo.

"Unaieleza udongo wako ukoje," Dada Injinia alisema, "unanyonya vipi, unaachia vipi. Halafu unaipa mvua na jua. Yenyewe inakwambia maji yako wapi. Ichukulie ni sifongo. Hadi sifongo ilowe yote, chini hakuna kinachodondoka."

Akabonyeza, akanionyesha kitalu cha pili msimu mzima: mstari umelala chini kabisa, kwenye sifuri. Si tone.

"Ikiwa mvua ya kweli itakubaliana na mstari huu hadi mwisho wa Aprili, kamati ya baraza la mji itapitisha kitalu cha pili. Kilima chote kitavaa nguo hiyo. Udongo wake uko hapo jirani, kazi itakwisha upesi. Lakini modeli ikisema uongo tukaiamini, hatutajua mpaka watu wa chini waanze kuumwa."

Niliitikia kwa kichwa. Usiku huu sipati usingizi kwa furaha. Kuna mashine inayokisia siri ya ardhi, na mimi ndiye nitakayeishika ikidanganya.

Jumatatu, 10 Machi

Milimita 9. Mapipa yote matupu.

Jumatano, 12 Machi

Milimita 22. Pipa la kwanza: lita 70. La pili: tupu. La tatu: tupu. Dada Injinia alipiga simu kuuliza, nami nikamjibu kwa kutikisa kichwa. Nilitikisa mara tatu ndipo nikakumbuka kwamba ni simu.

Jumapili, 16 Machi

Milimita 14. La pili tupu. Nilikwenda kwa Bibi na kumweleza kila kitu, kwa sababu kwa Bibi ulimi wangu una miguu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo wewe umeajiriwa kuangalia pipa ambalo halina kitu?" Nikasema ndiyo, na kadiri linavyokosa kitu ndivyo kazi inavyokwenda vizuri. "Mjukuu wangu," akasema, "kazi kama hiyo hata mimi naiweza." Akanipa maji ya kisimani kwenye kikombe cha bati. Yalikuwa baridi hadi meno yakauma.

Ijumaa, 21 Machi

Milimita 17. La pili tupu. Kwenye chati, mstari wa modeli na vitone vya vipimo vyangu vimelala pamoja kwenye sifuri kama mapacha. Dada Injinia ameanza kuimba kazini. Hajui kuimba.

Ijumaa, 28 Machi

Jua. Wiki nzima sifuri. Mama anashona sare za shule za watu wengine na kusema mvua imeenda kutembea.

Jumatano, 2 Aprili

Jua. Kitalu cha tatu nyasi zimelala lakini udongo chini yake bado una unyevu ukiugusa. Kitalu cha pili kimepasuka. Mwanzoni zilikuwa nyufa za uzi. Leo naingiza kidole.

Nilitaka kuandika, lakini daftari la kazi lina safu ya mvua na safu za mapipa. Halina safu ya nyufa. Nikaacha.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefanya jambo la kijinga. Nilichuchumaa kitalu cha pili nipime ufa kwa penseli yangu, ile nyekundu niliyofanyia mtihani wa mwisho, yenye alama za meno yangu kote. Ikaniponyoka. Nilisikia ikigonga ukuta mmoja, ukuta wa pili, kisha sikusikia tena. Nikaweka jicho kwenye ufa: giza. Nikaingiza mkono, ukakwama kwenye vifundo vya vidole.

Nani nimweleze? Nitasema nini, kwamba nimedondosha penseli ndani ya utafiti? Nikachukua kalamu ofisini, nikanyamaza. Nimetulia kama maji mtungini.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ilianza alfajiri kama mtu anayemwaga mchanga juu ya bati. Nilifika kwenye vitalu nimelowa hadi kwenye mifuko. Milimita 47. Nilisoma mara mbili.

Pipa la kwanza: lita 190, karibu kumwagika. Nililitegemea hilo.

Pipa la pili: niliingiza kijiti bila hata kuangalia, mkono umeshazoea. Kijiti kilipotoka kilikuwa kimelowa. Nikakifuta, nikarudisha. Kimelowa tena, hadi alama ya lita 61.

Pipa la tatu: tupu.

Nilisimama ndani ya lile shimo la mapipa, mvua ikinichapa mgongoni, na nikiri kwamba jambo la kwanza nililohisi ni furaha. Maji yalikuwa yamepita mahali ambapo hesabu yote ilisema hayapiti. Furaha hiyo ilidumu labda dakika moja. Kisha nikapanda nje, nikatazama chini ya kilima, nikaona bati la nyumba ya Bibi.

Dada Injinia alipiga simu saa mbili.

"Pipa la pili?"

"Sitini na moja."

"Hapana, hilo ni la kwanza. La pili."

"Sitini na moja."

"Mdogo wangu, hebu rudi shimoni. Soma tena taratibu. Huenda umechanganya mapipa."

Nikarudi. Nikampigia. Sitini na moja. Nikasikia vidole vyake vikibonyeza kompyuta. "Modeli inasema sifuri," akasema. Nikakitazama kijiti; nacho kilikuwa kimesema.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimechoka na nimechafuka, lakini lazima niandike yote.

Dada Injinia alikuja na Fundi. Hakusalimia sana. Alikwenda moja kwa moja kitalu cha pili, akakizunguka akiwa ameinama. Nami nilitazama, nikashangaa: nyufa hazipo. Mfinyanzi ulikunywa mvua ukavimba ukajifunga. Juu palikuwa laini kama meza. Ungeapa kwamba hapajawahi kupasuka.

"Udongo mzima," akasema. "Basi ni kiungo cha bomba. Maji ya nje yameingia kwenye kiungo."

Fundi aliweka koleo chini. "Kiungo kipi?"

"Kimojawapo."

"Dada, nimefunga mabomba tangu wewe unanyonya. Kiungo changu kikivuja nitakunywa hayo maji."

"Usiape, Fundi. Chimba tu."

Alichimba. Alichimba kwa hasira, udongo ukiruka hadi kwenye viatu vya Dada Injinia, na hakuomba radhi. Alifukua bomba lote, kiungo kimoja baada ya kingine, na kila alipofika kwenye kiungo alikifuta kwa shati lake, akamwonyesha. Kikavu. Kikavu. Kikavu. Cha mwisho hakukifuta. Alikaa kando yake tu akasema, "Haya, na hiki ukifute mwenyewe." Dada Injinia akapiga magoti kwenye tope akakifuta. Kikavu.

Hakuna aliyecheka. Baadaye Dada Injinia alisema kwa sauti ndogo kwamba pengine mfuniko wa pipa ulisukumwa na upepo. Kwamba siku moja haiharibu msimu. Kwamba kitone kimoja kikiwa mbali hivyo, huwa kinaondolewa. Kamati inakutana tarehe 30.

Kukiondoa. Kitone changu. Mimi nilijua kwamba mfuniko ulikuwa mahali pake, na jiwe juu yake. Nilijua habari ya nyufa. Nilijua habari ya penseli. Na nilisimama pale nimeshika kalamu ya ofisi, mdomo umejaa maji.

Fundi alipoondoka alinipita akasema, bila mzaha safari hii, "Wewe upo hapa kila siku, Bi Kimya. Unaona nini?"

Nikasema, "Sijui." Nimejichukia tangu saa ile.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepata. Nimepata, na nilipata kwenye kopo la maua la Bibi.

Bibi ana ua kwenye kopo la rangi la zamani, lenye matundu chini. Alikuwa amelisahau juani kwa wiki mbili. Akaniambia nilimwagilie. Nikamwaga maji, na papo hapo yakatokea chini, yakanilowesha miguu. Udongo bado mkavu. Ulikuwa umejikunyata ukaachana na kopo, na maji yakapita ubavuni bila hata kuugusa.

"Siku zote linafanya hivyo," Bibi alisema. "Ukilinyima maji muda mrefu linakuwa kama mtu aliyenuna. Unampa kitu hapokei."

Nilikaa chini hapo hapo kwenye maji. Dada Injinia alisema udongo ni sifongo. Lakini sifongo gani? Udongo alioupima ndani ya mtungi wa chuma ni ule nilioutwanga mimi. Niliuponda mabonge yote, nikauchekecha hadi ukawa unga, yeye akaushindilia. Hauna ufa hata mmoja, kwa sababu mimi niliziua nyufa zote kwa mchi. Kompyuta haijui udongo wa kitaluni. Inajua unga wangu.

Mvua za Machi zilikuja udongo ukiwa na unyevu, umeshikana, modeli ikapatia. Mvua ya tarehe 9 ilikuja baada ya siku kumi na nane za jua.

Bibi aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia sijawahi kuwa mzima hivi.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeandika kwenye karatasi maneno ya kumwambia. Nimemsomea Mama, akiwa na pini mdomoni. Alisema, "Hayo maneno ni mengi, na 'samahani' ziko saba. Anza na penseli."

Jumatatu, 14 Aprili

Nilianza na penseli.

Nilisema: "Dada, kitalu cha pili kimemeza penseli yangu." Akainua kichwa. Na baada ya hapo sijui nini kilinitoka, maana karatasi ilikuwa mfukoni na sikuigusa. Nyufa, kidole, kopo la Bibi, kinu, unga. Nilimwambia hata habari ya kisima. Niliposema "unga wangu" alivua miwani akaiweka mezani, na nikaogopa.

"Kwa nini hukuandika nyufa?"

"Hakuna safu."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akajifunika uso kwa mikono miwili, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. "Daftari nililichora mimi," akasema. "Niliacha safu ya kile ninachokijua tu."

Kisha akasimama. "Sikuamini bado. Nataka uelewe hivyo. Nyufa zilikuwepo, sawa. Kama zinafika chini, hilo ni jambo jingine. Tutalijaribu."

Alimpigia Fundi kumwomba radhi. Nilisikia sauti ya Fundi ikitoka kwenye simu: "Radhi nimeipokea, lakini shati utafua."

Jumamosi, 19 Aprili

Jua. Nyufa zimerudi. Nazipima kila asubuhi kwa kijiti cha bati. Daftari lina safu mpya, nimeichora kwa rula.

Jumatatu, 21 Aprili

Jua. Sijawahi kuomba jua hivi. Bibi anaomba mvua kwa ajili ya mboga zake. Mungu ana kazi.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo. Leo niandike pole pole.

Fundi alileta matangi mawili na bomba lenye matundu la kunyunyizia. Kwenye maji tulitia buluu ya kufulia, pakiti baada ya pakiti, hadi yakawa rangi ya wino. Modeli ilisema maji hayo yangekaa kwenye sentimita kumi za juu, na kwamba hata baada ya mwezi mzima hakuna tone litakalofika kwenye pipa. Tulianza kunyunyiza saa tatu kamili. Mimi nikawekwa shimoni, karibu na pipa. Wao juu.

"Bi Kimya, ukiona kitu utasema?" Fundi aliuliza.

"Nitasema."

Dakika tano, mdomo wa bomba mkavu. Dakika kumi, mkavu. Nilianza kumwona Dada Injinia kama mtu aliyekuwa sahihi. Dakika ya kumi na saba tone moja lilijitokeza kwenye mdomo wa bomba, likaning'inia, likanenepa. Lilikuwa la buluu. Buluu kabisa, kama shanga. Likadondoka, likalia ndani ya pipa tupu, na lingine nyuma yake, na mengine, hadi ukawa uzi.

Nilipiga kelele. Sikumbuki neno gani. Fundi anasema halikuwa neno.

Dada Injinia aliruka shimoni na viatu vyake vya ofisini. Akaweka kiganja chini ya bomba, kikajaa buluu. Alikitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atasikitika, msimu mzima wa hesabu yake umemwagikia kwenye kiganja. Lakini alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeota jino. "Imekosea," alisema. "Na sasa najua imekosea wapi."

Mchana tulikata ukingo wa kitalu, nje ya beseni, kama unavyokata mkate kuona ndani. Ukuta wa udongo ulikuwa wa kahawia mkavu, na ndani yake mishipa ya buluu ikishuka, mingine minene kama kamba. Pembeni mwa mishipa, udongo haukuguswa kabisa.

Fundi alikuwa akikwangua kwa mwiko. "Hebu njoo," akaniita. "Hii ni mizizi au nini?"

Kwenye sentimita hamsini na mbili, imesimama wima ndani ya mshipa wa buluu, ilikuwa penseli yangu. Nyekundu, meno yangu yote yakihesabika. Dada Injinia alipiga picha, rula kando yake. Kisha akaichomoa, akaifuta, akanipa kwa mikono miwili.

Jumatatu, 28 Aprili

Dada Injinia ameifundisha modeli udongo wa aina mbili kwa pamoja: sifongo, na nyufa ndani ya sifongo, zinazofunguka kukikauka na kujifunga kukilowa. Namba za nyufa amezitoa kwenye safu yangu. Leo aliipa mvua zote za msimu. Mstari ulikwenda sifuri, sifuri, sifuri, kisha tarehe 9 ukaruka hadi lita 57. Kitone changu cha 61 kilikuwa hapo juu kidogo, kikiusubiri. Tulishikana mikono tukaruka, kisha sote tukaona haya tukakaa.

Jumatano, 30 Aprili

Nilikwenda kwenye kamati kubeba chati tu. Dada Injinia aliwaambia kitalu cha pili kisipite, kipite cha tatu, kwa sababu udongo laini na nyasi vinauzuia mfinyanzi usikauke. Mwenyekiti ni mzee mwenye sauti nzito, na si mtu mbaya. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwezi Machi ulikuja na hesabu ukasema ina uhakika," alisema. "Ilikuwa imevaa suti. Leo umekuja na nyingine, nayo imevaa suti. Mtu akishajua jibu, kulifikia si kazi. Hii yako ikitabiri mvua ambayo bado haijanyesha, nitasaini. La sivyo tunaendelea na cha pili, maana malori yanasubiri."

Ukumbi ulicheka. Dada Injinia hakucheka, wala hakukasirika. "Ni haki," akasema. Wakakubaliana: mvua kubwa ijayo, kamati nzima ikiwa mezani. Nitasoma mvua na kusema kwa simu. Modeli itatoa jibu mbele yao. Kisha ndipo nitasoma mapipa.

Kwa simu. Mimi. Mbele ya kamati nzima.

Jumamosi, 3 Mei

Jua. Ufa mkubwa: sentimita mbili na nusu.

Jumanne, 6 Mei

Mawingu tangu mchana, mazito. Fundi amekagua viungo vyote bila kuombwa.

Jumatano, 7 Mei

Ilinyesha kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa mbili. Saa tatu kamati ilikuwa mezani, nami nilikuwa shimoni na simu, Fundi akiwa amenishikia mwavuli ingawa mvua ilishakatika.

"Unasikika kwenye spika," Dada Injinia alisema. "Mvua?"

"Thelathini na nane."

"Hatusikii," Mwenyekiti alisema.

Nilifumba macho. "Milimita thelathini na nane." Sauti yangu ilinirudia kutoka kwenye spika yao, kubwa, ya mtu ninayetaka kumjua.

Vidole kwenye kompyuta. Kisha Dada Injinia, akisoma mbele yao: "Kitalu cha pili, kati ya lita thelathini na arobaini. Kitalu cha tatu, sifuri."

"Binti," Mwenyekiti akasema, "soma sasa."

Niliondoa jiwe. Niliondoa mfuniko. Kijiti kiligonga ukingo wa pipa, na nikasikia mtu kule ukumbini akivuta kiti. Nilikizamisha, nikakitoa. Maji yalikuwa bado na buluu kidogo, kwa hiyo alama ilionekana wazi kama imechorwa.

"Pipa la pili, lita thelathini na sita."

Kule ukumbini palilipuka maneno, sikuyashika. Mwenyekiti aligonga meza. "Na la tatu? Tulieni. Binti, la tatu?"

Hilo ndilo nililoliogopa. La pili lilikuwa la kumthibitishia Mwenyekiti. La tatu lilikuwa la Bibi. Nilishusha kijiti taratibu hadi nikasikia kikigusa chini. Nilikitoa, nikakipitisha vidoleni kutoka juu hadi ncha. Vumbi.

"Tupu," nikasema.

"Rudia."

Nikarudia, nikapaza sauti hadi ndege wakaruka kwenye uzio. "Tupu."

Fundi aliinama kwenye simu. "Mheshimiwa, hata mimi nimesikia, na sikio langu moja halifanyi kazi." Halafu akanigeukia. "Haya. Umenipigia kelele mara mbili. Sasa niambie jina lako."

Nikamwambia. Alisikia.

Ijumaa, 9 Mei

Imesainiwa. Malori yataanza na udongo laini na mbegu za nyasi. Dada Injinia ameniomba nibaki hadi msimu ujao, na ameniagiza nichore daftari jipya mwenyewe, lenye safu ninazoziona zinafaa. Nimeweka safu moja ya ziada mwishoni. Juu yake nimeandika: Mengineyo.

Jumapili, 11 Mei

Milimita 6. Pipa la kwanza: lita 12. La pili: lita 2. La tatu: tupu.

Mengineyo: nimeandika kwa penseli yangu. Nimekunywa maji kwa Bibi, vikombe viwili.